Kelele za pikipiki ya tustroki: zinatoka wapi, na nini hasa kinazipunguza

"Shikamoo fundi. Nina Yamaha YZ250 ya mwaka 2008, injini ya tustroki, yaani ya mipigo miwili. Niliinunua ikiwa imeshatumika, iliagizwa kutoka Uingereza. Nipo Arusha, nafanya mazoezi ya motokrosi kwenye shamba la mjomba nje kidogo ya mji, na nyumba ya kwanza ipo kama mita 200. Naanza saa 12 asubuhi ili nimalize kabla watu hawajaanza shughuli zao, lakini majirani wamelalamika na mwenyekiti ameshaniita. Miezi ya karibuni kelele imezidi, imekuwa ile ya kupasua masikio, na nyuma ya sailensa yanachuruzika mafuta meusi. Fundi mmoja kanishauri nijaze stilwaya kwenye tundu la kutokea moshi. Mwingine anataka kuchomelea kipande cha bomba jembamba pale mwisho. Wa tatu anasema anifungie ekzosi ya bodaboda ya Boxer. Nimeambiwa pia nipunguze oili kwenye petroli. Injini yenyewe inagonga ikiwa ya baridi. Sitaki kuiuza pikipiki na sitaki ugomvi na majirani. Nifanye nini?"

Marahaba kijana wangu, na pole kwa usumbufu. Katika swali lako mna mambo mawili ambayo mafundi wako wote watatu wameyachanganya. Kuna kelele ambayo YZ250 inatoka nayo kiwandani, maana ni pikipiki ya mashindano na haikutengenezwa kwa ajili ya barabara za mitaani. Halafu kuna kelele iliyoongezeka miezi hii ya karibuni. Hiyo ya pili ni ubovu, na ubovu unatengenezeka. Ile ya kwanza inapunguzwa tu, haiondolewi. Mtu akikuahidi kwamba tustroki ya mashindano itakuwa na sauti ya chini sawa na bodaboda, usimpe hela yako.

Kabla sijaeleza lolote, naomba ukatae mambo matatu kuanzia leo. Usijaze kitu kwenye tundu la kutokea moshi, usikubali bomba jembamba lichomelewe pale mwisho, na usipunguze oili. Lolote kati ya hayo linaweza kukuulia injini, na ni vizuri ujue kwa nini, ili kesho fundi mwingine akija na wazo linalofanana na hayo uweze kulipima mwenyewe.

Injini yako haina valvu za kufunguka na kufunga juu ya silinda. Ukuta wa silinda una matundu, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua inapopanda na kushuka. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara moja, mwako unatokea mara moja. Ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, mwako unatokea mara 133 kila sekunde, wakati injini ya mipigo minne kwa kasi hiyo hiyo inapata nusu yake. Tena pistoni inapolifunua tundu la moshi, gesi iliyo ndani bado ni ya moto sana na ina shinikizo kubwa. Inafyatuka kwa mpigo. Kila mfyatuko ni wimbi kali la sauti, na mawimbi hayo yakifuatana kwa kasi hiyo ndipo unapopata ule mlio wa juu, mkali, ambao jirani anaujua hata akiwa ndani amefunga madirisha.

Wimbi hilo hilo linalowaudhi majirani ndilo linaloipa injini nguvu zake. Lile tumbo kubwa la ekzosi linaloanzia kwenye silinda, wengi hudhani limewekwa kupunguza kelele. Sivyo. Hilo ni sehemu ya injini sawa na pistoni. Wimbi likitoka kwenye silinda huingia kwanza pale tumbo linapopanuka, na hapo hurudisha nyuma mvuto unaosaidia kuutoa moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya wa petroli na hewa. Likifika pale tumbo linaposinyaa, hurudisha msukumo. Msukumo huo hulifikia tundu la silinda wakati ule mchanganyiko mpya umeanza kuponyoka kwenda nje, ukausukuma urudi ndani kabla pistoni haijafunga njia. Urefu wa tumbo, upana wake, pembe zake, vyote vimepigiwa hesabu ili mawimbi yafike kwa wakati. Mwishoni kabisa kuna mkia mwembamba, na upana wa mkia huo ndio unaoamua tumbo libaki na shinikizo kiasi gani.

Sasa rudi kwa yule fundi wa stilwaya na mwenzake wa bomba jembamba. Wote wawili wanataka kuibana njia hiyo. Ukiibana, shinikizo na joto vinapanda ndani ya tumbo na ndani ya silinda. Kichwa cha pistoni kinapata moto usio na pa kwenda. Pistoni inavimba, inakwaruza ukuta wa silinda na kushika, au inatoboka katikati. Kabla hujafikia hapo, stilwaya yenyewe inaungua na kukatika, na vipande vyekundu vya moto vinarushwa nje. Wewe unaendesha shambani. Fikiria majani makavu ya mwezi wa tisa. Huko Marekani pikipiki zinazoingia kwenye misitu ya serikali hutakiwa ziwe na kizuia cheche kwenye ekzosi kwa sababu ya hatari ya moto, na fundi wako anataka kukutengenezea cheche kwa makusudi.

Ekzosi ya Boxer ni jambo jingine kidogo. Boxer ni ya mipigo minne, na bomba lake halina kazi ya kurudisha mawimbi kwenye silinda. Likifungwa kwenye YZ, kelele inaweza kweli kupungua, lakini ni kwa sababu injini imedhoofika. Petroli nyingi itatoka bila kuungua, plagi zitalowa, na pikipiki haitapanda kilima ilichokuwa inapanda jana. Siwezi kukushauri uharibu mashine nzuri namna hiyo.

Na oili? Kelele yako haitokani na kiasi cha oili unachochanganya. Kwenye tustroki, oili iliyochanganywa na petroli ndiyo pekee inayolainisha beringi za krenki, konrodi, pistoni na ringi zake. Hakuna akiba nyingine chini ya injini. Ile unayoiona kwenye gia ni ya gia na klachi. Kwa mfano, mchanganyiko wa 40 kwa 1 unamaanisha mililita 125 za oili kwenye lita 5 za petroli. Angalia uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, tafuta chombo chenye alama za kupimia, na uache kabisa kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Ukipunguza oili, mafuta meusi unayoyaona yatapungua kidogo kwa muda, halafu utanunua krenki.

Tuje kwenye ubovu wenyewe, na hapa maelezo yako yamenisaidia sana. Umesema pikipiki imetoka Uingereza, upo Arusha, na sailensa inachuruzika mafuta meusi. Mambo hayo matatu ni habari moja. Pikipiki iliyokuwa ikiendeshwa kwenye nchi za chini imepimiwa jeti za kabureta, yaani vile vitundu vinavyopima petroli, kwa hewa nzito ya huko. Arusha ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa takriban asilimia 13. Kabureta haijui kwamba imehama. Inaendelea kumwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu. Petroli na oili ambavyo havikuungua vinakwenda kwenye ekzosi, na sehemu kubwa inaishia kwenye sailensa.

Sailensa ndiyo kifaa pekee kwenye pikipiki yako kilichowekwa kwa ajili ya kelele. Ndani yake kuna bomba lenye matundu madogo mengi, na kulizunguka kumefungwa pamba ya nyuzi za kioo. Sauti inapita kwenye matundu, inaingia kwenye pamba, na nyuzi zile zinaimeza kwa kuigeuza kuwa joto kidogo. Pamba inafanya kazi kwa sababu kati ya nyuzi mna hewa. Ikishalowa oili na masizi, zile nafasi zinaziba na matundu ya bomba la ndani yanafunikwa, na sailensa inabaki kuwa bomba tupu la aluminiamu. Mlio wa juu, ule wa kupasua masikio, ndio unaorudi kwanza, maana ndio uliokuwa ukimezwa zaidi. Wapo vijana wanaoupenda wakidhani pikipiki imepata nguvu, wakati mara nyingi sailensa iliyokufa inapunguza nguvu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kubadilisha pamba. Fungua sailensa, kata riveti au fungua bolti za mwisho, kisha chomoa bomba la ndani. Likigoma, lipige taratibu kwa kipande cha mbao, usilipinde. Toa pamba yote ya zamani. Vaa glavu na barakoa, maana nyuzi za kioo zinawasha ngozi na hazifai kabisa kuvutwa mapafuni. Bomba la ndani lilowekwe kwenye mafuta ya taa, kisha lisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kila tundu liwe wazi; ukiyaacha matundu yameziba, pamba mpya itakaa pale bure. Zungushia pamba mpya kwa unene ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ishike kwa mkanda wa karatasi ambao utaungua wenyewe, halafu ingiza. Isikazwe sana mpaka ikose hewa, wala isilegee ikaacha mapengo, kwa kuwa penye pengo ndipo moshi utakapoanza kuila. Paka silikoni ya joto kali kwenye kingo za vifuniko na ufunge kwa riveti za chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu pamba yenyewe, nunua ile iliyotengenezwa kwa sailensa, yenye nyuzi ndefu. Ile ya kuwekwa kwenye dari za nyumba imeshikwa na gundi ambayo huungua, na vipande vyake vifupi vitatolewa nje kupitia matundu ndani ya muda mfupi. Ukikosa kabisa, mafundi wa boti za faiba hutumia mkeka uliofumwa kwa nyuzi ndefu za kioo. Huo unaweza kukusogeza. Usichukue ule wao wa vipande vifupi vilivyobandikwa, una shida ile ile ya pamba ya darini. Stilwaya pia usiifanye mbadala wa pamba, hata kama inawekwa ndani ya sailensa na si kwenye tundu. Ile ya kusugulia sufuria haidumu kwenye moto huo.

Lakini ukibadilisha pamba peke yake bila kugusa kabureta, baada ya muda mfupi utanirudia na swali hili hili. Jeti kuu inatakiwa ipunguzwe, na huenda jeti ndogo na sindano pia. Shuka saizi moja moja, kamwe usiruke. Baada ya kila badiliko endesha kwa nguvu kwenye kipande kirefu, zima injini ghafla ukiwa bado umevuta mafuta, bana klachi, simama na uitoe plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, mchanganyiko bado ni mzito, yaani petroli imezidi. Rangi ya kahawia ya chokoleti ni nzuri. Ikianza kuwa nyeupe, umepitiliza, rudisha jeti kubwa papo hapo. Na hili ulishike sana: ukishapunguza jeti kwa ajili ya Arusha, usiichukue pikipiki hiyo kwenda kuiendesha Dar es Salaam, wala Moshi ambako ni chini zaidi ya Arusha, bila kurudisha jeti. Kwenye hewa nzito, jeti iliyopunguzwa inaacha mchanganyiko mkavu, wenye petroli pungufu, na mchanganyiko mkavu unatoboa pistoni haraka kuliko makosa mengine mengi ya vijana.

Ukiwa na ekzosi mkononi, angalia maungio. Pale tumbo linapoingia kwenye silinda pana oringi, yaani pete ya kuzibia, na tumbo linashikiliwa na springi. Kati ya tumbo na sailensa pana raba ya kuunganishia. Ukiona michirizi myeusi ya mafuta kuzunguka sehemu yoyote ya hizo, sauti inavuja hapo. Oringi za joto kali na springi mpya ni vitu vya bei ndogo, na mvujo mdogo karibu na silinda una kelele isiyolingana kabisa na udogo wa tundu lake. Kagua pia kama tumbo lina ufa karibu na vishikizo vyake.

Kuna kifaa kingine ambacho wengi hukisahau. YZ250 ina valvu ya nguvu kwenye tundu la moshi, Yamaha huiita YPVS. Kwenye mizunguko midogo inashuka na kulifanya tundu lifunguke kwa kuchelewa, wakati shinikizo ndani ya silinda limeshapungua, kwa hiyo mfyatuko unakuwa mpole. Kwenye mizunguko mikubwa inapanda. Pikipiki iliyokuwa ikila petroli na oili nyingi hujaza masizi kwenye valvu hii, na ikikwama juu unapata kelele na udhaifu kwa pamoja hata ukitembea polepole. Ifunguliwe isafishwe.

Sasa niongee kidogo kuhusu desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Tuseme, kwa mfano tu, ekzosi peke yake inatoa desibeli 100, na sauti ya hewa inayovutwa pamoja na injini yenyewe inatoa 92. Jumla yake ni takriban 100.6. Ukiishusha ekzosi hadi 94, jumla inashuka hadi karibu 96. Ukijitahidi tena uishushe hadi 88, jumla inafika 93.5 tu, kwa sababu sasa injini na hewa ndivyo vinavyotawala. Hatua ya kwanza ilikupa zaidi ya desibeli 4, ya pili haikukupa hata 3, ingawa huenda ilikugharimu zaidi. Na sikio la binadamu huhisi kelele imepungua nusu pale zinaposhuka kama desibeli 10. Kwa hiyo anza na kinachopiga kelele kuliko vyote, kitengeneze, halafu usikilize upya ni kipi kimebaki.

Kwako kinachofuata ekzosi ni mlango wa hewa. Kama mwenye pikipiki wa kwanza alitoboa sanduku la filta ili "ipumue", ziba yale matundu. Filta ya sponji iwe safi, imepakwa oili yake na imekaa sawasawa. Tumbo la ekzosi lenyewe nalo hulia, kwa sababu ni bati jembamba: ukigonga sufuria tupu inalia, ukiishika kwa kitambaa inanyamaza. Hakikisha raba za vishikizo vyake ni nzima na haligusi fremu. Kinga ya plastiki yenye sponji ya kuhimili joto inasaidia kidogo. Ile mikanda ya kuzungushia ekzosi siipendekezi kwenye tustroki. Inaweka joto ndani, na mawimbi hukimbia haraka zaidi kwenye gesi ya moto, kwa hiyo ile hesabu ya tumbo inavurugika. Tena unyevu unanaswa chini yake na bati linaoza. Cheni iliyolegea na raba ya mkono wa nyuma iliyolika ni kelele ya bure, rekebisha siku hiyo hiyo.

Msomaji mwenye Yamaha DT ya zamani, tustroki inayopozwa kwa hewa, asidhani haya hayamhusu. Kwake niongeze kwamba mapezi ya silinda hulia, na vile viraba vilivyopachikwa katikati ya mapezi vina kazi ya kuyanyamazisha. Vikikauka, badilisha, usivitupe. Ya kwako inapozwa kwa maji, na koti la maji lenyewe linameza sehemu ya sauti ya silinda.

Umesema injini inagonga ikiwa ya baridi. Kama mlio ni wa "kata-kata" mwepesi unaopotea injini ikipata moto, kuna uwezekano mkubwa ni pistoni iliyolika inacheza ndani ya silinda. Pistoni za pikipiki za mashindano hulika haraka, na hujui ya kwako ilibadilishwa lini. Mpe fundi aipime pamoja na silinda kabla hujatumia hela kwenye ekzosi ya gharama. Mlio unaobaki injini ikiwa ya moto ni habari nyingine, nitairudia chini.

Ukishafanya yote hayo na bado unataka kushuka zaidi, hapo ndipo pa kufikiria sailensa mpya. Zile fupi zilizotengenezwa kwa mbio zina kelele zaidi, ziache dukani hata kama zinapendeza. Tafuta ndefu, yenye kizuia cheche, iliyotengenezwa kwa pikipiki za porini. Kampuni za FMF na Pro Circuit zote mbili zinazo kwa ajili ya YZ. Zinaongeza uzito kidogo na zinakata kidogo ile kasi ya mwisho. Kwa mazoezi ya shambani sioni hasara hapo. Lakini tumbo lako usilibadilishe kama ni zima.

Njia nyingine, ambayo haiuzwi kwenye kopo, ni kupunguza mizunguko. Kelele hupanda sana injini inapokwenda mizunguko ya juu. Spoketi ya mbele iliyoongezwa jino moja, au gurudumu zito zaidi la sumaku la kwenye krenki, vinakuwezesha kutembea gia ya juu kwa mizunguko midogo bila injini kuzimika. Na acha kupiga resi ukiwa umesimama. Nina uhakika nusu ya hasira za majirani inatokana na zile resi za kupasha injini moto.

Muda wako wa mazoezi nao naomba uubadilishe, ijapokuwa umeuchagua kwa nia njema. Alfajiri hewa ya karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko ya juu, hasa Arusha kwenye miezi ya baridi. Sauti iliyokuwa ipotelee juu inapindishwa na kurudi chini, ikasafiri mbali kuliko mchana. Juu ya hapo kumetulia, hakuna magari wala shughuli za kuifunika. Saa 12 asubuhi ndiyo saa ambayo pikipiki yako inasikika vizuri kuliko saa zote. Saa 5 hadi saa 9 mchana, kelele ile ile itafika ikiwa imepungua. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili unapunguza desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 200 hadi 400 ni faida kubwa kuliko sailensa nyingi za dukani. Safu moja ya migomba au uzio wa miti haizuii sauti kwa kiasi cha maana. Tuta la udongo au mgongo wa kilima unaomzuia jirani kukuona ndio unaofaa. Panga njia zako kwa kufuata hilo, na uangalie upepo unavuma kuelekea wapi.

Ukitaka kujua kama kazi imefaa, tumia programu ya kupimia sauti kwenye simu. Sitarajii ikupe namba ya mahakamani. Inatosha kulinganisha kabla na baada, kwa simu ile ile, mahali pale pale. Kipimo kinachotumika sana kwa pikipiki iliyosimama huwekwa sentimita 50 kutoka tundu la moshi, kwa pembe ya nyuzi 45, kwa urefu sawa na tundu, injini ikiwa kwenye nusu ya mizunguko inayotoa nguvu zake za juu. Jimbo la California huweka kikomo cha desibeli 96 kwa kipimo hicho kwa pikipiki za porini zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1986. Lichukue kama lengo la kukuongoza. Hapa kwetu kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, wanaweza kuja na vipimo vyao iwapo majirani watafika huko. Ni afadhali umfuate mwenyekiti mapema ukiwa na siku na saa maalumu za mazoezi, na uzifuate.

Na masikio yako je? Hujayataja. Kiwango cha usalama kazini kinachofuatwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Vaa vizibo vya masikio chini ya helmeti kila mara, na watoto wa mjomba wanaokuja kutazama wasisimame nyuma ya pikipiki.

Pamba, oringi, cheni na filta unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani. Jeti za mara ya kwanza na valvu ya nguvu, ni bora ukae na fundi anayeijua tustroki, kisha ujifunze kwake. Simamisha pikipiki kabisa ukisikia mlio mzito wa chuma kugongana kutoka chini ya injini, mvumo wa beringi unaoongezeka kadiri unavyovuta mafuta, au mlio mkavu wa kugonga unapopanda mlima ikiwa na moto. Vivyo hivyo ikiwa rejeta inachemsha, au injini imewahi kukushikia hata mara moja ikajiachia yenyewe. Hapo usiendeshe hata kuipeleka gereji. Ipakie kwenye gari.

Mafundi wengi wa bodaboda ni hodari, lakini wamekulia kwenye injini za mipigo minne. Tafuta mzee aliyekuwa akitengeneza Yamaha DT za mashirika na miradi, Arusha na Moshi bado wapo. Ukikosa, uliza kwa mafundi wa mashine za boti Tanga au Mwanza. Injini nyingi za wavuvi ni tustroki, na wao hushika pistoni, ringi na kabureta hizo kila siku. Mashine zao huwa na sauti ya chini kwa sababu moshi hutolewa chini ya maji, kwa hiyo kuhusu sailensa hawatakuwa na mengi ya kukwambia. Kuhusu injini yako watakuwa nayo. Nenda na plagi uliyoitoa, bila kuisafisha, na umwambie fundi pikipiki ilitoka wapi na jeti iliyomo ni ya namba gani.